Maswali ya Wasomaji: Mwiba, Usaha na Mtoki

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 alichomwa na mwiba unyayoni. Siku ya tatu mguu ulivimba na kupata joto, ukatunga usaha, naye akatoka mtoki kinenani. Kipimo kilionyesha chembe nyeupe za damu 16,000. Jirani ananiambia damu yake imechafuka, na kwamba chembe hizo zikizidi ni saratani. Je, ni kweli?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Hapana, mama. Kwa mtu mzima chembe nyeupe huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu, na watoto huweza kuzidi hapo kidogo. Bakteria wakiingia, uboho wa mifupa hufungua akiba yake ya chembe ziitwazo neutrofili, hivyo kufika 16,000 kwa mtoto mwenye jipu ni jambo la kutarajiwa. Saratani ya damu haitambuliwi kwa tarakimu hiyo peke yake.

Uvimbe nao si kazi ya bakteria tu. Mwiba ulipopenya, chembe zikaazo ndani ya nyama zilimwaga histamini na kemikali nyingine, mishipa midogo ikapanuka, damu ikaongezeka na kuleta joto (wekundu huonekana kwa shida kwenye ngozi nyeusi), kisha maji yakavuja na mguu ukajaa. Neutrofili zikashika kuta za mishipa, zikajipenyeza nje na kuanza kuwameza bakteria. Nyingi hufia hapo hapo, na usaha ni mizoga yao iliyochanganyika na bakteria na nyama iliyoyeyuka. Damu chafu haimo. Vitabu vya shule huziita askari, mfano usionipendeza sana, kwa kuwa vimeng'enya vyao huumiza hata nyama wanayoilinda.

Mwiba, kwa bahati, ndio uliofumbua kazi hii ya chembe nyeupe. Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya lava (watoto wachanga) wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao miili yao hupitisha mwanga, na kesho yake akaona chembe zimeuzunguka kila mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mwanasayansi Paul Ehrlich.

Mtoki ni tezi inayochuja majimaji yatokayo mguuni, na huvimba kwa sababu limfosaiti, jamii nyingine ya chembe nyeupe, huzaliana humo. Hupungua polepole kidonda kikipona.

Usilikamue jipu, na dawa alizoandikiwa azimalize. Akipata homa kali, au mstari mwekundu ukipanda mguuni, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Muulize daktari pia kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, maana kikiwamo chembe hizo zitaendelea kumiminika na kidonda hakitakauka, na kama chanjo yake ya pepopunda bado inatosha.