Soda ya sukari ya miwa au ya shira ya mahindi?

Ndugu, nimekuelewa: soda huachi, umesikia ile ya sukari ya miwa haina madhara kama ya shira ya mahindi, na unataka kuhamia huko ili upungue uzito. Kama ni kwa ladha, hamia. Kitambi hakitaona tofauti.

Sukari ya miwa ni glukosi na fruktosi, yaani aina mbili za sukari sahili, zilizoshikana nusu kwa nusu. Shira inayotiwa zaidi kwenye soda za Marekani ina fruktosi kama asilimia 55, na kilichobaki karibu chote ni glukosi. Tena asidi ya soda huanza kuivunja sukari ya miwa humo humo chupani, kwa hiyo unapofungua, sehemu yake imeshaachana tayari. (Viwanda vya huko vilihamia shira miaka ya 1980 kwa sababu ya bei tu.)

Wewe geuza kopo usome gramu. Kopo la kola la mililita 355 lina takriban gramu 39 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Makopo mawili, umeshapitiliza! Anza na chupa ndogo, kisha ruka siku.

Ukiona kiu haikatiki na unakojoa mara kwa mara, kapime sukari. Na kama unatumia insulini, ongea na daktari kabla ya kupunguza soda ghafla.