PPF gari zima kwa milioni 5.5, Harrier ya Tanga–Dar: inalipa au hailipi?

Mkuu, nimekuelewa hivi: Harrier ya 2015, nyeupe, mtumba wa Japani, unakaa Raskazone na kila wiki unapiga Tanga–Dar na kurudi. Fundi kakutajia milioni 5.5 kuvika gari zima PPF (paint protection film), ile plastiki angavu ya kulinda rangi. Jamaa mwingine anakwambia weka nano kwa laki kadhaa, eti kazi ni ileile.

Nianze na huyo wa nano, jibu lake ni fupi. Kazi si ileile. Nano seramiki ni maji yanayokauka na kuacha utando wa maikroni 1 au 2 hivi (maikroni 1,000 ni milimita moja). PPF ni plastiki ya maikroni 150 hadi 200. Nano inaleta mng'ao na inarahisisha kuosha, basi. Kokoto iliyotupwa na tairi la semi pale Mkata haiulizi kama boneti ina nano. Anayekuuzia nano kama kinga ya mawe, mpe mkono wa kwaheri.

Sasa huyo wa 5.5. Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi nisingevika gari zima. Ningevika bampa la mbele, boneti yote, fenda mbili za mbele, saiti mira, taa kubwa, kisha ukanda wa chini ya milango na sehemu ya ubavu iliyo mbele ya tairi za nyuma. Paa, milango sehemu ya juu, na buti viache.

Sababu ni mawe yanakopiga. Jiwe la gari la mbele linapiga bampa, ncha ya boneti, taa na uso wa mira. Jiwe la tairi zako mwenyewe linapiga chini ya milango na pembe ya fenda ya nyuma, hasa ukiingia vipande vya changarawe. Paa halipigwi na mawe, linapigwa na jua, na jua ndilo linaloimaliza PPF. Kwa hiyo kuvika paa ni kutumia plastiki ghali mahali isipohitajika na inapozeeka upesi kuliko kwingine. Milango nayo adui yake ni bodaboda na mkokoteni wa Ngamiani, na hapo PPF itazuia mchubuko lakini haizuii bati kubonyea.

Kwenye bei, jua kwanza unanunua nini. Roli la kawaida la plastiki hii lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, yaani mita za mraba 22.8. Gari la ukubwa wa Harrier linavikwa likala roli lote, na mara nyingine fundi anaongeza, maana vipande vingi vinaishia kwenye takataka. Sehemu nilizokutajia zinakula mita 6 mpaka 8 za roli. Hiyo ni karibu nusu ya mali au pungufu, na kazi inapungua vilevile. Marekani mbele tu huwa dola 1,500 hadi 2,500, na gari zima dola 5,000 hadi 8,000, sehemu kubwa ikiwa ni ufundi. Sasa kwa milioni 5.5 gari zima hapa kwetu, lazima ujiulize kipi kimepunguzwa: mshahara wa fundi, au ubora wa plastiki? Kama ni mshahara, sawa. Mara nyingi ni plastiki, na jinsi ya kuikamata nitaieleza chini.

Hesabu ya kama inalipa ifanye kwa mwaka. Usikubali ile "waranti miaka 10" iwe ndiyo umri wake. Gari linalolala nje kwenye jua la pwani, mimi nahesabu miaka 5. Milioni 5.5 kwa miaka 5 ni 1,100,000 kila mwaka. Tuseme mbele na ubavu wa chini umepewa milioni 2: hiyo ni 400,000 kwa mwaka. Upande wa pili wa mizani weka bei ya fundi rangi wako ya kupiga bampa na boneti. Kwa safari zako, ndani ya miaka miwili au mitatu mbele kutakuwa na vidoti vya kutosha kukupeleka gereji. Tuseme anataka laki 7 kila mara: kwa miaka 5 utakwenda mara mbili, milioni 1.4. Kwa shilingi tupu, rangi ni rahisi kidogo. Ila weka na hili: angalia kibati cha namba ya chasi ndani ya boneti, penye namba ya rangi. Ikiwa ni 070, hiyo ni nyeupe ya lulu (pearl) ya Toyota inayopigwa hatua tatu, nyeupe ya chini, lulu ya katikati, kisha klia, ile rangi angavu ya juu. Ukipiga boneti peke yake, idadi ya mikono ya lulu ikitofautiana kidogo, boneti inaonekana ya gari lingine ikisimama juani. Na siku ya kuuza, mnunuzi wa kwanza anayejua magari atauliza kwa nini boneti imepigwa. Kwa 070 mimi naona PPF ya mbele inalipa. Kwa nyeupe ya kawaida isiyo na lulu, au gari la kutembea Chumbageni na Bombo tu, hailipi, piga rangi ukichoka kuviangalia vidoti.

PPF ni nzuri kadiri ya rangi iliyo chini yake. Hapa ndipo magari ya mtumba yanapowaumiza watu. Kabla ya kutoa senti, tafuta mwenye kipima unene wa rangi, upime kila bati sehemu nne au tano. Rangi ya kiwandani husoma kati ya maikroni 90 na 140 hivi. Ukiona 200 hadi 300, imeshapigwa juu. Ukiona 500 na kuendelea, kuna pati (putty) chini. Bati lililopigwa rangi vizuri linavikika, lakini lililopigwa ovyo siku ya kubandua PPF litaondoka na rangi yake. Kipima cha kawaida hakisomi plastiki, na bampa ni plastiki, na bampa ndilo lililopigwa rangi zaidi kwenye mitumba! Kwa bampa tumia macho: fungua boneti, tazama kingo za ndani kama kuna ukungu wa rangi kwenye bolti na klipu. Kisha bandika utepe wa gundi ulio imara kwenye pembe ya chini, ikandamize, uivute kwa haraka. Ikitoka na rangi, bampa lipigwe upya kwanza, na fundi asiruke praima ya plastiki.

Ukipiga rangi upya, subiri. Siku 30 ni za gereji yenye chumba cha joto. Gereji inayokausha kwa upepo na jua, toa siku 60 au zaidi. Rangi mbichi bado inatoa mvuke wa thina, ukiifunika unabaki chini ukitengeneza mapovu yasiyotoka, na klia inabaki laini.

Turudi kwenye plastiki yenyewe. PPF ya kweli ni TPU, inavutika na kurudi. Ya ujanja ni PVC, ndugu wa stika za daladala, imeongezwa unene tu. Omba kipande cha kiganja. Kivute taratibu kwa mikono miwili ukiachie: TPU inarudi karibu na ilivyokuwa, PVC inabaki imelegea au inakuwa nyeupe pale ilipovutika. Kikwaruze kwa kucha kisha ukimwagie maji moto: TPU yenye utando mzuri wa juu inafuta mkwaruzo mdogo yenyewe, PVC haifuti. Ukiwa bado na shaka, chukua waya wa shaba mtupu, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi. Uguse ile plastiki, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini, hiyo ni PVC. Fanyia nje na usivute moshi wake. Jaribio la dakika moja, na linaweza kukuokolea mamilioni ya shilingi.

Hata TPU zina daraja. Ile ya alifatiki haibadiliki rangi upesi, ya aromatiki inageuka njano, na kwenye gari jeupe njano inaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Kwa macho ikiwa mpya huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo hapo unategemea jina na namba ya roli. Dai uone boksi na namba, zipige picha, ziandikwe kwenye risiti. Waranti bila namba ya roli ni salamu.

Siku ya kazi, kuna mambo matatu ya kumsimamia fundi. La kwanza ni kisu. Mashine ya kukata inahitaji ramani ya gari lako, yaani michoro ya vipande vyake, na ramani nyingi zimetengenezwa kwa magari ya Marekani na Ulaya. Bampa la Harrier ya Japani linaweza lisiwemo, au likawemo la toleo jingine. Bila ramani fundi anabandika kipande kizima na kukata juu ya gari. Akikandamiza wembe kidogo tu, amekata klia na rangi mpaka bati, na hutaona, kwa sababu mkato uko ukingoni chini ya plastiki. Kwa hewa ya chumvi ya Raskazone, baada ya miezi utaona mstari mwekundu wa kutu ukitambaa kutoka kwenye ule ukingo. Mwambie akate nje ya bati na kukunja ukingo ndani, au atumie uzi wa kukatia stika unaopita chini ya plastiki na kukata ukivutwa. Akikwambia uzi huo haujui, tafuta mwingine.

La pili ni maji. Plastiki inatelezeshwa kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto, na inashikizwa kwa maji yenye spiriti, asilimia 10 hadi 20. Maji ya kisima ya kwetu mengi yana chokaa na chumvi. Yakikauka chini ya plastiki yanaacha madoa ambayo dawa yake ni kubandua. Kazi nzima itumie maji ya betri, yale yasiyo na asidi, ni senti kidogo.

La tatu ni mahali. Chini ya mwembe au turubai la gereji, hapana. Chumba kilichofungwa, sakafu imemwagiwa maji kuua vumbi, feni imezimwa, na kazi ianze asubuhi. Joto likipanda, maji ya sabuni yanakauka kabla plastiki haijakaa, gundi inashika papo hapo, na fundi akivuta kuirudisha anaacha michirizi ya gundi. Kona za bampa pale kwenye taa za ukungu ndiko wanakovuta sana. Plastiki iliyovutwa mno inataka kurudi, na ndipo inapoanza kunyanyuka. Na gari lazima lioshwe na kupitishwa udongo wa kusafishia rangi (clay bar) kabla, maana punje moja ya vumbi chini ya PPF inaonekana kama kipele na haitoki.

Mapovu siku za mwanzo yasikutishe yote. Bonyeza kwa kidole: likihama na kulainika ni maji, litaondoka ndani ya wiki moja au mbili, kwa unyevu wa Tanga toa mbili. Likirudi palepale ni hewa. Likiwa na kitone kigumu katikati ni uchafu. Siku mbili za kwanza usioshe. Ule mpira wa maji ya presha pale kwa waosha magari, mwezi wa kwanza usikaribie kingo kabisa, na baada ya hapo uwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, maji yasielekezwe kwenye ukingo.

Kuhusu kuosha: sabuni ya unga hapana, mafuta ya taa ya kutolea lami hapana kabisa, yanaharibu utando wa juu na kulegeza gundi ya kingo. Mavi ya kunguru na ya popo (nawe ukiegesha chini ya mti wa mkungu unawaalika) yaondoe siku hiyohiyo, kwa kuyalowesha kwanza. Yakishinda juani yanaacha kivuli ndani ya utando hata ukisugua vipi. Vumbi la saruji kwa wanaopita Pongwe kila siku, limwagie maji mengi kabla ya kitambaa kugusa. Likishapata umande na kugandia, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji inalilegeza, kisha suuza mara moja.

Na ile milioni tatu na kitu itakayobaki, toa sehemu yake ukapige dawa ya kutu chini ya gari. Pwani yetu inakula gari kuanzia uvunguni, na PPF haifiki huko.

Malipo: nusu siku ya kuanza, robo siku ya kuchukua gari, robo baada ya wiki mbili. Siku ya robo ya mwisho nenda na tochi, pita kila kona ya bampa na kila ukingo wa boneti kwa ukucha. Penye ukingo unaonyanyuka, aukate na kuukunja upya mbele yako. Akisema "utajishika wenyewe na jua", robo ibaki mfukoni.