Kwa meneja mpya wa timu ya vijana inayokwenda Pemba

Umekabidhiwa timu ya chini ya miaka 17 kuipeleka Pemba kwenye mashindano ya taifa, na kila anayekukuta maskani anakuuliza nani ataanza. Hilo mwachie kocha. Wewe meneja una vyeti, maji na usingizi wa watoto wa watu. Miaka yote niliyoshughulika na madaraja ya vijana ya Juvenile na Junior nimeziona timu nzuri zikirudi mapema kwa sababu ya hayo matatu, na mabao ya wapinzani hayakuhusika sana.

Anza na umri, na anza leo. Cheti cha kuzaliwa kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mtoto ambaye hakusajiliwa mapema atapitia kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wake, naye sheha ana foleni yake. Usikubali picha ya cheti iliyotumwa kwa simu. Kitake chenyewe, kisha nenda nacho skuli ukakilinganishe na rejesta. Tazama jina la babu limeandikwaje, na tarehe ya kuzaliwa aliyoandikishwa nayo darasa la kwanza ni hii hii? Ukikuta cheti kimetoka mwezi uliopita na rejesta inamwonesha mkubwa kwa miaka miwili, mimi naiamini rejesta. Iliandikwa siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa anafikiria mpira.

Utashikwa bega na watu wazima unaowaheshimu wakwambie, "Mchukue tu, umbo lake dogo, nani atajua?" Wakumbushe Burundi, 2018. Timu yetu ya Zanzibar ya vijana wa chini ya miaka 17 iliondolewa kwenye mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwa wachezaji 12 walikuwa wamezaliwa kabla ya Januari 1, 2002. Waliokuwa na umri halali nao wakarudi nyumbani na wenzao. Wala usidhani ujanja wa karatasi utamfikisha kijana mbali. Tangu Kombe la Dunia la vijana lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono. Mfupa pale una sehemu ya kukulia ambayo huziba kijana anapomaliza kukua, na ni nadra sana kuikuta imeziba kabisa kabla ya miaka 17. Cheti unaweza kukiandikisha upya, mfupa huwezi.

Linaloniuma zaidi ni yule usiyemwona. Ukimpanga wa miaka 19, yuko mtoto wa Makunduchi au Nungwi mwenye 15 au 16 ambaye nafasi hiyo ilikuwa yake, na mwakani pengine hatakuja tena uwanjani. Kwa hili usimwonee haya mtu, hata awe mfadhili wa jezi.

Safari yenyewe si ngumu ukiipangia. Wakati wa kusi mkondo wa Pemba unachafuka na watoto wengi wanalevywa na bahari, kwa hiyo wale chakula kidogo kabla ya kupanda meli, mkate wa boflo na chai ya rangi inatosha, na wafike bandari ya Mkoani siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Ukifika asubuhi na kucheza jioni utakuwa na nusu ya timu imelegea.

Mtalala madarasani, magodoro chini. Hapo ndipo mechi nyingi zinapotea. Vijana waliokaa pamoja mara ya kwanza mbali na nyumbani husimuliana mpaka usiku wa manane, na kesho yake unamwona beki anakimbia kama amefungwa jiwe. Kusanya simu saa 3 usiku, taa zizimwe, na wewe mwenyewe lala mlangoni. Vyandarua beba kutoka Unguja, usitegemee wenyeji.

Uliza mapema unacheza saa ngapi. Mechi ya saa 10 jioni ina nafuu. Ile ya saa 8 mchana ni jambo jingine, hasa uwanja wa Gombani, maana nyasi bandia hushika joto kuliko majani ya kawaida na watoto watalihisi mpaka kwenye nyayo. Anza kuwanywesha maji tangu asubuhi, kidogo kidogo, na uwafundishe kutazama mkojo wao: ukiwa na rangi nzito hajanywa vya kutosha. Kwenye kikao cha kabla ya mashindano nyanyua mkono uulize kama kanuni zinaruhusu mapumziko ya kupoza mwili. Sheria za soka zinayaruhusu, kuanzia sekunde 90 hadi dakika 3, ila lazima kanuni za mashindano ziwe zimeyakubali. Papo hapo uliza pia kama aliyetolewa anaweza kurudi uwanjani, kwani kwa vijana sheria inaliachia shirikisho liamue. Kocha wako akilijua hilo atawapanga tofauti wale wanaochoka haraka.

Kagua njumu usiku, usingoje uwanjani. Geuza kila jozi utazame meno: marefu ya chuma yanakwama kwenye nyasi bandia na goti ndilo linalolipa. Mwenye hizo muazimie nyingine za meno mafupi ya plastiki. Na mtoto akigongana kichwa akaonekana kuduwaa, hata akisema yuko sawa, mtoe, asirudi siku hiyo. Kocha akikasirika, akukasirikie wewe.

Mkitolewa mapema, usiwaachie wakatawanyike Chake Chake. Wengine watataka kwenda kwa jamaa zao Wete au Micheweni. Mpigie mzazi kwanza, akikataa basi. Mkirudi Unguja, baki bandarini Malindi na orodha yako mpaka wa mwisho achukuliwe na wakwao, na vyeti vyao virudi mikononi mwa wazazi siku hiyo hiyo, kwa saini.