Kabla Hujalipia Studio: Ushauri kwa Bendi za Deth Metali Nairobi

Vijana wakiniuliza albamu ya deth metali, ule muziki mzito wa magitaa na kuunguruma, itawagharimu pesa ngapi hapa Nairobi, mimi huwauliza kwanza: mpiga dramu wenu yukoje? Gitaa unaweza kulirekodi chumbani kwako mtaani Umoja ukiwa na ndala miguuni. Dramu haziendi hivyo. Wimbo wa mapigo 200 kwa dakika, miguu ikigonga mara nne kwa kila pigo, ni kugonga mara 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kila sekunde. Mguu mmoja ukichelewa kidogo tu, riffu zote, yaani vipande vya gitaa vinavyojirudia, zilizowekwa juu yake zinageuka uji.

Kwa hivyo pesa za studio zitengeeni dramu, karibu zote. Tafuteni chumba kizuri, maiki za kutosha na fundi mwenye subira. Maprodyuza wengi mjini wamezoea injili na gengetone. Si kosa lao, lakini mpelekeeni prodyuza wenu mapema albamu mnazozipenda azisikilize, asije akashtukia mambo siku ya kazi. Ulizieni na majirani wa studio. Ikiwa imepakana na kanisa, msirekodi usiku wa kesha. Spika zao zina nguvu kuliko zenu.

Sasa gitaa. Mkishusha nyuzi hadi noti ya B, uzi mzito unatoa kama hezi 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde. Dramu la mguu nalo limekaa papo hapo, na besi iko chini yake, hezi 31. Wote watatu wakigombania nafasi moja, msikilizaji hasikii yeyote. Kateni sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 80 hivi. Likisikilizwa peke yake litakuwa jembamba na mpiga gitaa atanuna. Mwacheni anune. Kila riffu ipigwe mara mbili, moja iende kushoto na nyingine kulia. Ukinakili ile ile, upana haupatikani. Hifadhini pia sauti safi ya gitaa kabla haijafika kwenye ampu, ili siku ya kumiksi mubadilishe mngurumo bila kupiga upya. Na stima ikipotea, bila diski ya akiba mmekwisha.

Nyuzi: seti ya kawaida ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) italegea kwenye B. Tafuteni uzi mzito wa 56 kwenda juu, na agizeni mapema, maduka ya mjini hayana kila wiki.

Kuunguruma, yaani uimbaji wetu, kusimalizwe siku moja. Koo likiuma, acha, kunywa maji, rudi kesho. Waambie na majirani. Mimi nilirekodi ndani ya kabati la nguo, na mama wa mlango wa pili akabisha: “Mwanangu, kuna mgonjwa humo?” Nilimsikilizisha kidogo. Akasema ataniombea.

Kuhusu kutoa albamu, msidhani lazima mpate lebo ya Ulaya. Duma, bendi ya watu wawili wa hapa hapa Nairobi, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikika mbali sana. Sajilini kazi yenu KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla haijatoka, na mkubaliane kwa maandishi nani ana sehemu gani ya nyimbo, maana urafiki wa bendi huisha pesa zikiingia. Spotify ipo Kenya tangu 2021, wekeni huko ili mpatikane, lakini mnunuzi mpelekeni Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki: wao hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, zaidi ya hapo ni ada ya malipo tu.

Fulana nyeusi ndizo zitakazorudisha gharama. Uzeni mlangoni siku ya shoo, kwa M-Pesa. Nembo ya bendi isisomeke, sawa, hiyo ndiyo mila yetu. Lakini namba ya till, ile ya kulipia kwa M-Pesa, iandikwe kwa herufi kubwa.