Muulize Hajati: Wanapigiwa makofi, wakiulizwa maswali wanakwama

Shikamoo Hajati. Nafundisha vijana hapa Busia, upande wa Uganda, kunadi mawazo yao ya biashara mbele ya wawekezaji. Nimewafunza kusimama, kutazama watu machoni na kumaliza ndani ya dakika tano. Majuzi tulikwenda Kampala. Binti mmoja anayetengeneza unga wa uji uliochanganywa na mukene (dagaa wa ziwani) alipigiwa makofi, kisha akaulizwa maswali mawili tu, kimya. Anataka shilingi milioni 20, naye anatoa asilimia 20 ya biashara. Je, tatizo ni Kiingereza?
— Mwalimu wa jioni, Busia

Marahaba, mwalimu. Kiingereza kinasumbua, ila sicho kilichomfunga mdomo. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwenye kumbi za Kampala utakisikia zaidi kwa askari wa getini kuliko kwa wenye pesa. Basi ajue Kiingereza cha kutaja tarakimu zake, mengine mwenzake atafsiri. Nilishika daftari la SACCO ya wauza samaki kwa miaka, siku hizi naitwa kukaa kwenye meza ya waulizaji, na bado sijaona mtu akinyimwa pesa kwa ajili ya lafudhi.

Mkalishe na kalamu. Bei hizi nakisia, ninyi wekeni za kwenu. Pakiti ya nusu kilo anaiuza 4,000. Mahindi 900, mukene 1,100, pakiti na lebo 400, kibarua 300, boda 250. Jumla 2,950, inabaki 1,050. Mwenye duka naye anataka 500 yake, kwa hiyo binti ana 550. Akiuza pakiti 400 kwa mwezi anapata 220,000. Kodi ya chumba na umeme vikila 150,000, mkononi zimebaki 70,000.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 20. Anayeomba milioni 20 kwa asilimia 20 anasema biashara yake, pamoja na hiyo pesa inayoingia, ina thamani ya milioni 100. Biashara inayobakiza 840,000 kwa mwaka! Mwekezaji hakatai hapo hapo. Anauliza milioni 20 zitabadilisha nini. Mashine ya kusaga ni kiasi gani, itapunguza gharama ya pakiti kwa shilingi ngapi, alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ataipata lini ili maduka makubwa yampokee? Nadhani hapo ndipo binti yako alipokwama, maana alikariri hadithi ya watoto wenye utapiamlo (nzuri sana, nami ingenigusa) bila kukariri daftari.

Jambo jingine analijua kuliko wote mle ukumbini. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hupungua na bei hupanda. Akisema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba hununua nyingi wakati wa giza, akazikausha vizuri na kuziweka akiba, ameonyesha kwamba kazi yake anaijua.

Mazoezi ya kusimama punguza. Waalike akina mama wanaouza mukene sokoni wawe ndio wawekezaji wa mazoezi. Hao hawapigi makofi ovyo, na hesabu ya uongo wanaishika haraka.

Halafu angalieni karatasi. Kama alichosajili URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ni jina la biashara tu, hana hisa za kumuuzia mtu. Anahitaji kampuni ya hisa, na sheria ya kampuni ya 2012 inamruhusu kuianzisha peke yake.

Waambie pia kwamba mwekezaji si PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha kaya. Ile milioni moja ya kaya ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka: ukirudisha mmemalizana. Mwenye hisa anabaki, anauliza, anapiga kura. Kama hesabu ikionyesha kwamba binti anahitaji milioni 3 tu, mimi ningemwambia aachane na Kampala kwanza, akope kwenye SACCO yake.

Hajati, naogopa nikieleza wazo langu la siagi ya simsim, mwekezaji ataliiba. Nimpe karatasi ya siri asaini kwanza?
— Kijana wa Arua

Wengi hawatasaini, mwanangu. Wanasikiliza watu wengi mno. Na hakimiliki hailindi wazo tupu. Jina na nembo vilindwe kwa kusajili alama ya biashara URSB. Mezani eleza unamuuzia nani na unabakiza nini. Kipimo chako cha kukaanga usikitaje, na orodha ya wateja itoe baada ya masharti kuandikwa.