Maswali na majibu: pipa la kuondoa vimiba kwenye vyuma vidogo

Safari hii maswali mengi yamehusu pipa linalozungushwa na mota, ndani mna mawe, maji na sabuni, ili vyuma visuguane na mawe hadi vimiba, yaani vichomozi vikali vinavyobaki ukingoni baada ya kukata au kutoboa, viishe.

*Natoboa washa (vibati vya duara vya kuweka chini ya nati) kwa keekee hapa Igogo, Mwanza, na kila moja naipitishia tupa. Pipa litaniokolea muda?*

Kama ni mamia kwa wakati mmoja, ndiyo: unaliwasha asubuhi na kuendelea na kazi nyingine. Kama ni washa ishirini, tupa itamaliza mapema. Ila tazama kwanza upande keekee inapotokea. Kimiba kikiwa kinene hadi kinakata kidole, ncha ya keekee imekuwa butu. Inoe, kisha weka ubao mgumu chini ya bati unapotoboa. Pipa ni la kumalizia kazi nzuri, haliwezi kufuta kazi mbaya.

*Nimetengeneza pipa kwa ndoo ya rangi ya lita 20 na mota ya pampu. Vyuma vinatoka na mabonde. Kosa liko wapi?*

Mwendo ni mkali, na nadhani umejaza kidogo. Ndoo hiyo ina kipenyo cha kama sentimita 30. Ikifika mizunguko 77 hivi kwa dakika, vitu vyote hugandamana ukutani visisuguane kabisa. Kabla ya hapo hurushwa juu na kuangukiana. Baki kwenye 30 hadi 35. Kama mota yako huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika, upunguze kama mara 40. Mkanda mmoja hautoshi. Weka hatua mbili: puli (gurudumu la mkanda) ya sentimita 5 ivute ya 30, halafu nyingine ya 5, iliyo kwenye ekseli moja na hiyo ya 30, ivute ya 35.

Jaza ndoo nusu au zaidi kidogo, mawe vipimo vitatu kwa kimoja cha vyuma, maji yafike usawa wa mawe. Ukuta laini wa ndoo huacha mzigo uteleze kwa pamoja, basi gundisha mbao tatu nyembamba kwa urefu, uzivishe mpira wa tyubu kuukuu. Kisha sikiliza. Unataka sauti ya changarawe inayomiminika bila kukoma. Ukisikia kishindo, zima.

*Vyuma vinatoka vinang'aa, kesho yake vina kutu.*

Chuma kilichosuguliwa hakina kinga yoyote, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu. Usiviache kwenye maji hata wakati wa chakula. Suuza kwa maji ya moto sana, kwa sababu chuma chenye joto hujikausha chenyewe, kisha vigaragaze kwenye vumbi kavu la mbao kutoka kwa seremala. Malizia na mafuta mepesi siku hiyohiyo.

*Nina vipande vya alumini vya injini ya boti vyenye masizi. Niongeze kostiki soda pipani?*

Usithubutu, ndugu yangu! Kostiki soda hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Ndani ya pipa lililofungwa gesi hiyo hujaa hadi kifuniko kiruke, na maji yanayounguza yakurukie machoni. Macho hayana vipuri. Tumia sabuni ya vyombo peke yake, uwe na subira. Wala usichanganye alumini na chuma kwenye mzigo mmoja.

*Maji machafu niyamwage kwenye mtaro?*

Hapana. Mitaro ya Mabatini huingia Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani, tunakochota maji ya kunywa. Futa grisi kwa kitambaa kabla vyuma havijaingia pipani. Acha maji yatulie kwenye ndoo usiku kucha, chota ya juu uyatumie kwa mzigo unaofuata. Tope la chini likaushe, ulifunge kwenye mfuko pamoja na vumbi la tupa.