Maswali ya Wasomaji: Land Rover ya Zamani Katika Joto la Dodoma

Swali: Ndugu mwandishi, nimenunua Land Rover Series IIA ya petroli ya mwaka 1966 kwa mzee mmoja wa Mpwapwa. Asubuhi huwaka mara moja, lakini nikifika Kibaigwa kununua mahindi nikaizima kwa nusu saa, haikubali kuwaka mpaka ipoe. Fundi amebadilisha betri bila mafanikio, na sasa ananishauri niitoe injini niweke ya Toyota. Je, nikubali? – Msomaji, Ipagala, Dodoma.

Jibu: Tafadhali usikubali. Injini hiyo ya silinda 4 ina mgandamizo wa 7 kwa 1 tu (yaani hubana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi sehemu moja ya saba ya ujazo wake), kwa hiyo haichagui sana petroli, na kasoro uliyoieleza haimo ndani yake. Gari likizimwa, feni husimama na petroli huacha kutiririka, ndipo joto la injini hupanda hadi kwenye pampu na kabureta na kuigeuza petroli kuwa mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Lakini dalili hiyohiyo huletwa na kondensa (kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia kutoa cheche) iliyochoka ndani ya distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, kwa kuwa hufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata moto. Siku gari litakapogoma, mwambie fundi achomoe waya mmoja wa plagi na kuangalia cheche: ikiwa ni ya buluu na yenye nguvu, funika pampu kwa kitambaa chenye maji, kisha baadaye usogeze bomba la petroli mbali na ekzosi; lakini ikiwa ni ya njano na dhaifu, badilisha kondensa, ambayo ni kifaa cha bei ndogo.

Suala la betri linanitia wasiwasi zaidi. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo, zikiwemo Series IIA za awali, yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari tuliyoyazoea leo. Fundi akigeuza ncha hizo bila kugeuza pia nyaya za koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri ili kutoa cheche), cheche hudhoofika, na hapo tatizo lako la joto huongezeka; na ukiwa na redio ya kisasa, inaweza kuungua papo hapo. Hakikisha jambo hilo kabla ya kununua kifaa chochote.

Umwombe pia fundi wako atafute spana za inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na spana ya milimita 13 huingia ikiwa imelegea kidogo, kiasi cha kuzila kona zake hadi ishindwe kufunguka. Nimeona magari mazuri yakilaumiwa kuwa mabovu ilhali yaliharibiwa kwa namna hiyo tu, na jambo hilo linaniuma.

Swali: Ninauziwa Series III iliyokaa Tanga miaka mingi. Muuzaji anasema bodi yake haishiki kutu. Je, ni kweli? – Msomaji, Manyoni.

Jibu: Bodi ni ya aluminiamu, desturi iliyoanza na Land Rover ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, hata hivyo, ni ya chuma, nayo huoza kutokea ndani, hasa kwenye boriti ya nyuma na kwenye mikono inayobeba bodi. Gari lililokaa Dodoma au Singida, ambako mvua ni haba, mara nyingi huwa limesalimika. La pwani, lala chini yake na uigonge chesisi kwa nyundo ndogo pote. Sauti ikiwa butu, au nyundo ikizama, acha, hata kama bodi inang'aa.

Swali: Marehemu baba ametuachia Morris Minor, nasi tunataka iendelee kutembea. Tuzingatie nini kwanza? – Msomaji, Kondoa.

Jibu: Poleni kwa msiba. Kabla ya rangi na viti, tieni grisi kwenye nipeli (vichuchu vya kutilia grisi) za juu na za chini za viungo vya magurudumu ya mbele. Viungo hivyo vimekatwa hesi (mizunguko kama ya skrubu), na vikikaa bila grisi hesi hulika hadi kiungo cha chini kichomoke na gurudumu kulala barabarani. Rudieni kila kilomita 1,500 hivi, na mapema zaidi mkitoka kwenye barabara ya vumbi, mkiendelea kusukuma mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ionekane.